Nani Aliyejengeka Zaidi? Mabingwa wa Kutunisha Misuli Katika Mizani ya Zama Zao

Mchezo wa kutunisha misuli hutofautiana na riadha au kunyanyua vyuma kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mshindani hapimwi kwa anachokifanya bali kwa anavyoonekana. Mkimbiaji wa mita 100 wa mwaka 1968 anaweza kulinganishwa na wa leo kwa kutazama saa, na mnyanyua vyuma anaweza kulinganishwa na aliyemtangulia kwa kuhesabu kilo, lakini mtunisha misuli husimama jukwaani akakunja mikono na kutanua mgongo, na macho ya majaji ndiyo yanayoamua nani kajengeka vizuri zaidi. Ndiyo maana ubishi kuhusu bingwa mkubwa kuliko wote, ambao wapenzi wa mchezo huu hawauchoki, haujapata kuamuliwa. Na kinachoufanya uwe mgumu zaidi ni kwamba macho hayo yenyewe yamebadilika, kizazi hata kizazi, kuhusu mwili mzuri ni upi.

Shindano linalochukuliwa kuwa kilele cha mchezo huu ni Mr. Olympia, lililoanzishwa na mfanyabiashara na mchapishaji wa magazeti Joe Weider, ambaye pamoja na mdogo wake Ben ndiye aliyeunda shirikisho la IFBB huko Montreal, Kanada, mwaka 1946. Olympia ya kwanza ilifanyika Brooklyn, New York, mwaka 1965, na mshindi wake alikuwa Mmarekani Larry Scott, aliyesifika hasa kwa mikono. Tangu hapo taji hilo limevaliwa na watu wasiofika 20, kwa sababu waliolipata wamezoea kulishikilia: Lee Haney alilitwaa mara nane mfululizo kuanzia 1984 hadi 1991, Ronnie Coleman naye mara nane kuanzia 1998 hadi 2005, Arnold Schwarzenegger mara saba, Phil Heath mara saba, na Dorian Yates wa Uingereza mara sita. Kwa hiyo anayezungumzia zama katika mchezo huu huzungumzia, kwa sehemu kubwa, tawala za watu wachache, na kila utawala uliacha alama yake juu ya kile ambacho majaji walikitafuta baadaye.

Mizani ya mwanzo kabisa haikuwa ya ukubwa. Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg katika Prussia, ambaye sanamu yake ndogo ndiyo hutolewa hadi leo kuwa tuzo ya Mr. Olympia, alipoandaa shindano lake kubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London mwezi Septemba 1901, aliwaweka mezani pamoja naye mchongaji sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle, yule wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Kuwepo kwa mchongaji sanamu hakukuwa pambo. Sandow aliamini kwamba Wagiriki na Warumi wa kale walikwisha kuuchonga mwili kamili katika marumaru, na kazi ya mwanamume wa kisasa ilikuwa kuukaribia mfano huo, sehemu moja ya mwili isizidi nyingine na afya ya jumla ionekane katika ngozi na mkao. Fikra hiyo iliishi kwa muda mrefu: Steve Reeves, aliyekuwa Mr. America mwaka 1947 na Mr. Universe mwaka 1950 kabla ya kuigiza Hercules katika sinema, alisifika kwa mwili ambao mzingo wa mkono, wa shingo na wa kigimbi cha mguu ulikaribia kuwa mmoja, na hakuna aliyemdai awe mzito zaidi ya alivyokuwa.

Olympia ilipozaliwa, fikra hiyo ilianza kusukumwa pembeni, na takwimu za uzito zinaonyesha jinsi ilivyosukumwa. Scott alishinda akiwa na kilo 93 hivi. Schwarzenegger, mwenye urefu wa mita 1.88, alipanda jukwaani katika miaka yake bora akiwa na kiasi cha kilo 107. Baada yake kulitokea kipindi kifupi ambacho mizani ilirudi nyuma, kwani Frank Zane, mwalimu wa hisabati mwenye kiuno chembamba na mistari iliyopangika, alishinda mwaka 1977, 1978 na 1979 akiwa na kilo 84 tu au zaidi kidogo. Haney akarudisha ukubwa kwa kilo 110 hivi. Yates akafika kilo 117 mwaka 1993. Na Coleman, mwaka 2003, alisimama jukwaani Las Vegas akiwa na kilo 130. Coleman ana urefu wa mita 1.80, yaani ni mfupi kuliko Schwarzenegger kwa sentimita 8, na hata hivyo siku hiyo alimzidi kwa kilo 23, tena akiwa na mafuta machache zaidi chini ya ngozi. Anayewaweka wawili hao picha kwa picha na kuuliza nani mkubwa anakuwa kama mfanyabiashara anayepima mtama wa jana kwa pishi na wa leo kwa kibaba, kisha akalinganisha hesabu.

Kilichobadilika kati ya vipimo hivyo viwili ni vitu kadhaa, na haifai kuficha kwamba dawa ndizo zilizotangulia. Homoni ya kiume, testosteroni, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza maabara mwaka 1935, na mwaka 1958 vidonge vya Dianabol viliingia katika soko la Marekani. Dawa za aina hii, ziitwazo steroidi, na ambazo magazeti ya Kiswahili huziweka katika kundi la dawa za kusisimua misuli, huingia ndani ya chembe za msuli na kuziamuru zitengeneze protini kwa wingi kuliko kawaida, huku zikifupisha muda ambao mwili unahitaji kupumzika baada ya mazoezi mazito. Schwarzenegger mwenyewe amekiri hadharani kwamba alizitumia wakati ambapo sheria ilikuwa haijazikataza. Lakini zama zake zilitegemea hasa steroidi. Mwaka 1985 homoni ya ukuaji iliyotengenezwa maabara iliruhusiwa kuuzwa, ilhali kabla ya hapo ilikuwa ikikamuliwa kutoka tezi za maiti na kupatikana kwa shida. Na katika miaka ya 1990 baadhi ya washindani waliongeza insulini, ile ile wanayodungwa wagonjwa wa kisukari, kwa sababu inasukuma sukari na viini vya protini kuingia ndani ya misuli. Pengo kati ya Haney wa 1984 na mabingwa wa karne hii haliwezi kuelezwa bila dawa hizo, na mjadala wowote unaozinyamazia unawadhulumu waliotangulia.

Vifaa na mbinu za mazoezi nazo zilichangia. Kizazi cha Schwarzenegger, kilichojikusanya katika jimu aliyoifungua Joe Gold mwaka 1965 karibu na pwani ya Venice, California, kiliamini katika wingi: mazoezi mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, seti juu ya seti kwa vyuma vya mkononi. Katika miaka ya 1970 mvumbuzi Arthur Jones alileta mashine zake za Nautilus na hoja kwamba msuli hukua kwa ukali wa zoezi, si kwa urefu wake, na Yates ndiye aliyeipeleka hoja hiyo mbali kuliko bingwa yeyote, akifanya mazoezi siku nne tu kwa wiki katika ukumbi wa chini ya ardhi mjini Birmingham, seti chache zinazofika mahali ambapo mkono hauwezi tena kuinua kitu. Njia zote mbili zilizaa mabingwa, jambo linaloonyesha kwamba mbinu ya mazoezi pekee haiwezi kuwa ndiyo siri ya ukubwa wa zama fulani.

Hata hivyo, mabadiliko yaliyo makubwa zaidi, na yanayosahaulika zaidi, yametokea katika macho ya majaji. Washindani wa leo hupitia mapozi manane ya lazima, kuanzia kukunja mikono yote miwili kwa mbele hadi kukaza mwili mzima kwa pamoja, na kati ya hayo mawili hufanywa kwa kuwapa majaji mgongo. Mtu akitaka kuona zama zinavyotofautiana, inatosha atazame pozi moja tu kati ya hayo mawili, lile la kukunja mikono ukiwa umegeuka, na aanze kusoma mwili kutoka chini kwenda juu. Katika picha za miaka ya 1970 vigimbi vya Schwarzenegger vimejaa vizuri, mikono yake imepanda kwa urefu ambao wachache wamewahi kuufikia, na mgongo wa juu ni mpana. Lakini misuli ya nyuma ya mapaja haina mikato mirefu, makalio ni laini, na sehemu ya chini ya mgongo haijachongeka kwa undani. Hiyo haikuwa kasoro kwa mizani ya wakati huo, kwa kuwa hakuna jaji aliyeitafuta. Katikati ya miaka ya 1980 Rich Gaspari alianza kupanda jukwaani akiwa mkavu kiasi kwamba nyuzi za misuli ya makalio zilihesabika, na baada yake kila mshindani alilazimika kuwa hivyo. Yates akaongeza mgongo mnene tangu shingoni hadi kiunoni, na Coleman akaujaza zaidi. Ukavu, kwa maana ya mwili uliopungukiwa mafuta na maji chini ya ngozi mpaka msuli ukaonekana kama haujafunikwa, ukawa sharti, na mshindani wa 1974 akihukumiwa kwa sharti hilo ataonekana hajajiandaa.

Upande wa wanawake ulionyesha waziwazi zaidi kwamba kigezo hutungwa na watu. Ms. Olympia ilianza mwaka 1980, akashinda Rachel McLish mwenye mwili mwembamba uliokazika. Kadiri miaka ilivyopita washindi walizidi kuwa wakubwa, hadi IFBB, kwa waraka wa mwishoni mwa 2004, ikawataka wanawake wapunguze misuli yao kwa asilimia 20. Iris Kyle, aliyetwaa taji hilo mara 10, alishindana chini ya agizo hilo. Haikuwa haki kwa wanamichezo waliokuwa wamefanya kile ambacho majaji wale wale walikuwa wakikituza, na kwa anayelinganisha zama ni ushahidi kwamba alama za mwaka mmoja haziwezi kubebwa na kupachikwa mwaka mwingine.

Ipo njia moja ya kulinganisha isiyotegemea picha na dhana, nayo ni kuangalia siku ambazo zama mbili zilikutana jukwaa moja. Mfululizo wa Olympia ni mnyororo ambao karibu kila bingwa alisimama ubavuni mwa aliyemtangulia au aliyemfuatia. Sergio Oliva, Mcuba aliyekuwa mnyanyua vyuma na ambaye aliikimbia nchi yake akiwa mashindanoni Jamaica mwaka 1962, alimshinda Schwarzenegger mwaka 1969, akashindwa naye mwaka uliofuata, na matokeo ya pambano lao la tatu la Olympia huko Essen, Ujerumani, mwaka 1972, yanabishaniwa hadi leo kwa sababu Oliva alikuwa na mapaja na mikono ambayo wengi waliona haina mfano. Zane naye alikuwa amekwisha kumshinda Schwarzenegger huko Miami mwaka 1968, katika shindano la Mr. Universe, na ushindi huo unafaa kukumbukwa na kila anayedhani ukubwa huamua: Schwarzenegger, Mwaustria aliyekuwa ametoka Ulaya karibuni, alikuwa mzito kuliko mpinzani wake kwa zaidi ya kilo 20, ila mwili wake ulikuwa laini na mistari yake haikuonekana, wakati Zane alikuwa mkavu na kila msuli wake ulitengana na mwenzake.

Mnyororo huu una udhaifu wake, kwani mara nyingi mmoja wa wanaokutana yuko ukingoni mwa ubora na mwingine hajaufikia. Schwarzenegger aliporudi kwa ghafla Sydney mwaka 1980, baada ya miaka mitano nje ya mashindano na akiwa katika maandalizi ya filamu ya Conan, alipewa taji huku sehemu ya ukumbi ikizomea, na mshindani mwenzake Mike Mentzer, aliyeamini kwamba jina lilituzwa mahali pa mwili, hakushindana tena. Coleman alikuwa wa tisa mwaka 1997, wakati Yates akitwaa taji lake la mwisho, na mwaka uliofuata akawa bingwa; je, mkutano huo wa 1997 unasema nini kuhusu nani kati yao ni bora? Hausemi chochote. Heath alimzuia Mmisri Mamdouh Elssbiay mwaka 2017, kisha mwaka 2020 Elssbiay, aliyewahi kuwa mvuvi na ambaye mwili wake ulijengwa kwa sehemu kubwa Kuwait, akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa taji hilo, na Heath akaachiwa nafasi ya tatu. Ni mwaka 1991 pekee ambapo mabadilishano yalikaribia kuwa safi: Haney, mwenye miaka 31 na bado katika nguvu zake, alisimama Orlando dhidi ya Yates aliyekuja na ukavu na mgongo wa zama mpya, na Haney akashinda.

Tena hata mtu mmoja anaweza kuwa zama mbili. Wajuzi wengi wa mchezo huu, wakiulizwa mwili bora wa Coleman ulikuwa upi, hawataji ule wa kilo 130 wa mwaka 2003, bali ule wa shindano la Arnold Classic la 2001 huko Columbus, Ohio, alipokuwa na kilo 110 na ushei, kiuno kikiwa bado kimeingia ndani na tumbo halijafura. Maoni hayo yana uzito, kwa kuwa yanamlinganisha mtu na yeye mwenyewe, mifupa ile ile, asili ile ile, mazoezi yale yale, na bado ukubwa unashindwa na uwiano, yaani kule sehemu za mwili kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Tumbo lililotokeza mbele, ambalo lilianza kuonekana kwa washindani wakubwa wa miaka ya 1990, ndilo linalowaudhi zaidi wapenzi wa mchezo huu, kwa sababu linaivunja ile sura ya mabega mapana yanayoshuka kwenye kiuno chembamba, sura ambayo kuanzia Sandow ilikuwa ndiyo sahihi ya mtu aliyejengeka. Shirikisho lenyewe lilikubali hoja hiyo kwa vitendo mwaka 2016, lilipoanzisha katika Olympia kundi la Classic Physique, ambamo uzito wa mshindani hufungwa na urefu wake. Mkanada Chris Bumstead alilitwaa taji la kundi hilo mara sita mfululizo, 2019 hadi 2024, na umaarufu wake ulifikia kuwapita mabingwa wa kundi la wazi waliomzidi uzito.

Kuna kipimo kingine ambacho majaji hawawezi kukiandika katika karatasi zao, nacho ni gharama. Mwaka 1992 Mohamed Benaziza, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alifariki saa chache baada ya kushinda shindano Uholanzi, na chanzo kikahusishwa na dawa za kukojosha, ambazo washindani huzitumia kutoa maji yaliyo chini ya ngozi ili wawe wakavu. Mwaka 1996 Mwaustria Andreas Münzer, mmoja wa wanamichezo wakavu zaidi waliowahi kupanda jukwaani, alikufa akiwa na miaka 31 baada ya viungo vyake vya ndani kushindwa. Yates alichanika msuli wa mkono mwaka 1994 na mwingine mwaka 1997, akashinda mara zote mbili, kisha akaacha. Coleman, ambaye alikuwa akichuchumaa na kilo 363 mabegani na kuinuka nazo mara mbili, amefanyiwa operesheni nyingi za mgongo na nyonga, na leo hatembei bila kusaidiwa. Inasikitisha kwamba kijana anayeona video ya kilo zile 363 mara nyingi hakutani na picha ya mtu huyo huyo akiwa katika kiti cha magurudumu, ilhali zote mbili ni sehemu ya taji moja.

Kwa hiyo, ikiwa ni lazima atajwe mmoja, hukumu ya makala hii haiangukii kwa aliyekuwa mzito zaidi wala kwa aliyejulikana zaidi duniani. Schwarzenegger alifanya kwa mchezo huu kile ambacho hakuna mwingine aliyekifanya, akaufikisha hata kwa watu wa Afrika Mashariki ambao walimjua kwanza kwa filamu ya Commando ya mwaka 1985, na Coleman alifikisha msuli mahali ambapo haujafika tena pamoja na ukavu wa kiwango kile. Lakini Haney ndiye aliyesimama katikati ya mizani zote: alikuwa na ukubwa uliowazidi wa miaka ya 1970, kiuno ambacho wa miaka ya 2000 walikipoteza, na mataji nane ambayo hakuna aliyeyazidi, alimshinda bingwa wa zama zilizofuata ana kwa ana, alishikilia kwamba zoezi linapaswa kuuamsha msuli na si kuuangamiza, na mwaka 1991, akiwa hajashindwa Olympia tangu 1984, aliondoka jukwaani kwa miguu yake akiwa mzima.